Operasheni: plaki ya pajani, kitu kidogo kinachoweza kumuunguza mgonjwa

Mgonjwa anaamka baada ya operasheni ya tumbo. Kidonda cha tumboni kiko salama, lakini pajani, mahali ambapo kisu hakikupita, kuna jeraha la moto. Ajali ya namna hii inajulikana katika vyumba vya upasuaji vya nchi nyingi, na mara nyingi chanzo chake ni plaki iliyobandikwa vibaya.

Plaki hiyo inaenda pamoja na bisturi ya umeme, kifaa kinachokata nyama na kuzuia damu. Kilitengenezwa na Mmarekani William Bovie, na daktari Harvey Cushing alikitumia kwa mara ya kwanza mjini Boston tarehe 1 Oktoba 1926.

Umeme unaingia, lazima utoke

Umeme unatoka kwenye mashine, unaingia mwilini kupitia ncha ya bisturi, kisha unarudi kwenye mashine kupitia plaki. Kwenye ncha unakusanyika mahali padogo, joto linapanda na nyama inakatika. Kwenye plaki unatawanyika mahali papana, na ngozi haipati madhara.

Lakini plaki ikibanduka nusu, umeme wote unapita kwenye kipande kilichobaki, nacho kinaanza kuunguza. Mgonjwa amelazwa usingizi kwa dawa, hawezi kulalamika.

Mambo ya kuzingatia

Plaki inabandikwa penye nyama nyingi, kama paja, karibu na mahali pa operasheni. Haiwekwi juu ya mfupa, kovu, ngozi yenye kidonda, wala mahali penye chuma ndani ya mwili. Ngozi inapaswa kuwa safi na kavu, na nywele nyingi zinaondolewa kwanza.

Mgonjwa akigeuzwa kitandani, plaki inakaguliwa upya. Na ikiwa daktari anaomba nguvu ya mashine iongezwe mara kwa mara, hiyo ni alama ya hatari: kabla ya kuongeza, muuguzi anapaswa kutazama kama plaki na waya wake viko sawa.

Pale vifaa vinapokosekana, kishawishi ni kutumia tena plaki ya mara moja, ama kuikata ili imfae mtoto. Yote mawili ni hatari. Gundi iliyokwisha kutumika haishiki vizuri, na plaki iliyokatwa inapunguza upana ambao ndio kinga yenyewe. Kwa watoto kuna plaki zao.

Dawa za kusafisha ngozi zenye alkoli nazo ziachwe zikauke kabisa kabla ya mashine kuwashwa, kwani zinaweza kushika moto.

Mgonjwa naye ana la kufanya

Kabla ya operasheni, mgonjwa avue pete, heleni na bangili, na asijipake mafuta mahali plaki itakapobandikwa. Amwambie muganga kama ana mashine ya kusaidia moyo, ama chuma kilichowekwa baada ya kuvunjika mfupa, kwa mfano katika ajali ya pikipiki.

Baada ya operasheni, ngozi iliyokuwa chini ya plaki inatazamwa. Wekundu kidogo huisha wenyewe. Lakini malengelenge, ama alama inayouma na isiyoondoka, ionyeshwe kwa muganga siku ileile.