Kutoka Mazwi Hadi Guangzhou: Kadi Inakubali Wapi, Inagoma Wapi

Oya wanangu wa Mazwi na Sumbawanga nzima, tuongee mkwanja. Masela wa Ufipa siku hizi wanavuka sana. Kuna wanaozama Zambia kwa Kasesya au Tunduma kusaka mzigo, wengine wanasogea Dubai, na wapo wanaoiwaza Guangzhou usiku na mchana. Wengi wana kadi yenye nembo ya Visa au Mastercard na wanaamini nembo ile inafungua kila mlango. Haifungui. Nembo inasema tu kwamba kadi inaweza kusomeka. Wanaoamua kama utalipa ni mwenye duka, benki yake, na benki iliyokupa wewe hiyo kadi.

Anzia hapa kitaa. Ukienda kununua maharage sokoni, muuzaji ana lipa namba, freshi kabisa. Mashine ya kadi hana, na ana haki ya kutokuwa nayo: kila mteja akiswaip, benki inamega asilimia ya mauzo, na hela si lazima iingie papo hapo. Yeye alfajiri anataka mshiko mkononi akafuate gunia lingine. Ndiyo maana mtalii anayepita Matai kwenda kuyacheki maporomoko ya Kalambo, maji yanayodondoka zaidi ya mita 200, anaweza kuwa na kadi nzito kinoma halafu akakosa hata chai kijijini. Kadi yake ni nzima, ila hana laini ya Bongo. Dola nazo asizitegemee, maana kanuni za Machi 2025 zinataka bidhaa na huduma za ndani zilipwe kwa shilingi. Ukimpokea mgeni wa hivyo, mpeleke ATM mjini kabla hamjaanza safari. Huo ndio ukarimu wenyewe.

Ukivuka Kasesya kwenda Mbala, mgeni ni wewe. Mama wa sokoni kule anapokea kwacha, noti au kwenye laini ya Zambia, na lipa namba uliyoizoea haimhusu. Lusaka kwenye supamaketi kubwa kadi inapita fasta, lakini mpaka ufike huko utakuwa umeshakula, umelala na kupanda magari kwa noti. Na noti zenyewe zijue sura: Zambia ilileta mpya mwaka 2025, usije ukapokea rundo kwa wabadilisha fedha bila kuzikagua moja moja.

China ndiyo inawachanganya wengi. Nchi ya teknolojia, kwa hiyo mtu anadhani kadi itateleza tu. Kumbe vijiduka vingi havina habari na Visa, vinataka uskani QR ya Alipay au WeChat. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya nje na programu hizo. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato ya ziada, yakivuka hapo wanakata asilimia 3. Fanya mchakato huo ukiwa bado Bongo, laini yako ikiwa hewani, kwa sababu benki inaweza kutuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako. Na uliza benki kama kadi imefunguliwa kwa malipo ya nje. Swali dogo hilo, lakini limewaokoa wengi.

Dubai mambo ni mepesi, kadi inakubali karibu kila duka kubwa. Mashine ikikuuliza ulipe kwa dirham au kwa sarafu ya kwenu, chagua dirham, maana ukichagua ya kwenu, kiwango cha kubadilishia wanapanga wao, na mara nyingi kinakuumiza.

Halafu kuna hili la hotelini. Kadi zetu nyingi ni za kutoa hela yako mwenyewe, siyo za mkopo. Hoteli ikishikilia dhamana kwenye kadi ya mkopo, inazuia sehemu ya mkopo. Ikishikilia kwenye yako, inafunga mtaji wa mzigo, na kuachiwa kunaweza kuchukua siku kadhaa. Uliza kiasi cha dhamana kabla hujatoa kadi, na kama wanakubali noti, lipa noti.