Chai ya China: Bidhaa iliyovuka mipaka kwa mabega, farasi na ngamia

Neno "chai" lenyewe limevuka mipaka. Wachina wengi husema "cha". Neno hilo lilisafiri na misafara ya nchi kavu hadi Uajemi, likawa "chay", likapita India na hatimaye likatufikia sisi. Waholanzi walionunua majani hayo kwa meli walisikia "te", matamshi ya watu wa Fujian, ndiyo maana lugha nyingi za Ulaya Magharibi zina neno la namna hiyo.

Majani kwa farasi

Katika enzi ya Tang, karne ya 8, Lu Yu aliandika kitabu maarufu kuhusu chai. Serikali nayo iliona mapato: mwaka 793 ilitoza kodi ya sehemu moja ya kumi.

Enzi ya Song ilikuwa na upungufu wa farasi wa vita. Watibeti walikuwa nao, lakini chakula chao cha nyama na maziwa kilihitaji chai. Mwaka 1074 ikaanzishwa ofisi ya serikali huko Sichuan ya kubadilishana chai kwa farasi.

Tatizo lilikuwa usafirishaji. Majani makavu huchukua nafasi kubwa, huvunjika na hunyonya unyevu. Kwa hiyo yalitiwa mvuke, yakashindiliwa kuwa matofali na kufungwa kwa mianzi. Kutoka Ya'an hadi Kangding, wapagazi walibeba kilo 60 hadi 90, wengine zaidi. Kila mmoja alikuwa na fimbo ya kuegesha mzigo, apumzike bila kuutua. Kutoka hapo wanyama waliupeleka hadi Lhasa.

Magendo

Serikali ilipopanga bei yake, magendo yalifuata. Enzi ya Ming iliweka adhabu ya kifo. Mwaka 1397 Ouyang Lun, mkwe wa Mfalme Hongwu mwenyewe, aliuawa kwa kusafirisha chai kwa magendo. Ukwe haukumwokoa.

Kaskazini, mkataba wa mwaka 1727 uliifanya Kyakhta kuwa soko la mpakani kati ya China na Urusi. Ngamia walivusha chai Mongolia, na huko tofali la chai lilitumika kama fedha. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, na baadaye reli ya Siberia, gharama zilishuka na misafara ya ngamia ikakosa kazi. Bidhaa ilibaki ile ile. Waliobadilika ni wasafirishaji.

Ukikaribishwa chai

Anayekwenda China kununua bidhaa atakutana na chai kabla ya bei. Kwa kawaida haina maziwa wala sukari. Dereva huwa na chupa yenye majani ndani, akiongeza maji ya moto siku nzima. Dukani, mwenyeji hukumiminia kikombe kidogo, akiacha nafasi juu. Kikijaa hadi ukingoni huunguza vidole na huonekana ni utovu wa adabu. Huko Guangdong, ukiongezewa, gonga meza taratibu kwa vidole viwili. Hiyo ni asante, hata kama mazungumzo yanaendelea.

Usikimbilie kutaja bei kabla ya kikombe cha kwanza. Wakati unakunywa, mwenyeji anakupima wewe, nawe una nafasi ya kumpima yeye.