Rangi ya motokari ikibambuka, usikimbilie msasa



Umeweka feza miaka mingi, ukakopa nyingine, na mwishowe motokari mpya imeingia katika uwanja wa nyumba yako. Jamaa wamekuja kuitazama. Mwaka wa pili ao wa tatu, siku moja unapoiosha, unaona juu ya paa alama ndogo kama ukucha, pasipo rangi. Unagusa pembeni kwa kidole: rangi inanyanyuka kama ganda la kitunguu. Siku ya Mungu inayofuata jirani anakuletea msasa, kopo la rangi na pistole ya kupulizia, na anakuambia: «Kaka, ni kazi ya saa mbili tu.»

Hapo tunakuomba usimame kwanza. Ukipitisha msasa pale, umefuta ushuhuda ambao ungeweza kumlazimisha aliyeitengeneza motokari airudishie rangi bila wewe kulipa. Na ile pistole, bila vyombo vya kujilinda, inaweza kukuharibia mapafu kwa maisha yote. Kwa sababu hiyo habari ya rangi ya motokari imeingia katika ukurasa huu wa usalama na afya.

Nguo nne juu ya chuma

Watu wengi wanafikiri rangi ni kitu kimoja. Sivyo. Kiwandani, chuma kikiisha kusafishwa, motokari nzima inazamishwa katika birika kubwa la rangi ya kwanza, na umeme unapitishwa ndani. Wewe unayefanya kazi kwenye elektrolizi utaelewa upesi: kama shaba inavyofuata umeme na kushika juu ya katodi, vivyo hivyo rangi ile inafuata umeme na kushika juu ya chuma, hata katika pembe ambazo mkono haufiki. Kazi yake ni kuzuia kutu. Kisha inakuja rangi ya katikati, halafu rangi yenyewe unayoiona, na mwisho verni inayong'aa. Nguo zote nne pamoja zina unene wa microni 100 hadi 150 hivi, ni kusema sehemu moja ya kumi ya milimita, ao zaidi kidogo.

Rangi ya kwanza ni adui wa kutu, lakini yenyewe ina adui: jua. Nguo za juu zinapaswa kuifunika vizuri. Zikipitisha mwangaza, rangi ya kwanza inageuka unga kidogo kidogo, na siku moja yote iliyo juu yake inakosa mahali pa kushika. Inabambuka vipande vizima, hasa juu ya paa na juu ya kapo, mahali jua linapopiga kwa nguvu.

Jambo hilo limeonekana mbele ya macho ya watu wote. Katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, viwanda vya Marekani viliuza motokari nyingi zilizopakwa rangi moja kwa moja juu ya ile ya kwanza, bila nguo ya katikati. Zilibambuka barabarani. Mwaka 1992 General Motors iliwaandikia wauzaji wake namna ya kuzitengeneza, hata zile ambazo garanti yake ya kawaida ilikuwa imekwisha. Baadaye Honda ilirefusha garanti ya rangi kule Marekani kwa Civic za miaka 2006 hadi 2013 ambazo rangi yake ilipasuka. Ilifika miaka 7, bila kuhesabu kilomita. Toyota nayo ilipaswa kuwarudia wenye Corolla nyeupe, huko Marekani na Australia. Ahadi hizo zilikuwa za motokari zilizouzwa katika nchi hizo, hazikugusi wewe moja kwa moja. Lakini mtu akikuambia kwamba rangi haibambuki ila kwa uzembe wa mwenye motokari, sasa unajua la kumjibu.

Kosa la nani?

Kabla ya kudai, tazama vizuri, na mchana. Jiwe la barabara linaacha shimo dogo lenye ncha, mara nyingi mbele ya kapo na nyuma ya magurudumu. Hilo ni lako. Mavi ya ndege, utomvu wa miti na kumbikumbi waliokauka wanaacha madoa juu ya verni. Hayo pia ni yako, na maji yangaliyaondoa siku ileile.

Kosa la kiwanda lina sura nyingine. Rangi inanyanyuka bila alama ya kugongwa, na chini yake unakuta uso laini, wa kijivu, ao chuma kinachong'aa. Ao verni peke yake inageuka nyeupe na kutoka kama magamba ya samaki. Ao unaona vipele vinavyovimba kutoka ndani, kwenye mshono wa mlango, hapo ambapo hakuna jiwe lililofika.

Sisi watu wa mgodi tuna shida moja zaidi. Karibu vitabu vyote vya garanti vinakataa rangi iliyoharibiwa na moshi wa viwanda ao na asidi. Mwuzaji akisikia unatoka kwenye kiwanda cha shaba, anaweza kusema upesi: «Ni asidi yenu.» Usigombane. Mwonyeshe. Asidi inaanza juu na kushuka: inaacha vitone na duara zilizofifia, zimetawanyika kila mahali motokari iliposimama wazi. Haifunui kipande kizima na kuacha chini yake uso safi. Omba aandike katika karatasi yake ni nguo gani iliyoachana na nguo gani. Hilo ndilo swali lenyewe, na fundi wa kweli anaweza kulijibu.

Lakini usimpe sababu. Kama unaegesha karibu na kiwanda, mwagia motokari maji mengi kila wiki. Usipanguse vumbi kavu kwa kitambaa: vumbi letu lina mawe ndani yake, linakwangua verni kama msasa.

Namna ya kudai

Toa kitabu cha garanti ndani ya sanduku la motokari, ukisome nyumbani pamoja na mama; macho mawili hayatoshi kwa maandishi madogo vile. Mara nyingi utakuta garanti mbili. Moja ni ya rangi, na inaisha kwa miaka ao kwa kilomita, lolote litangulialo. Nyingine ni ya kutu, ni ndefu zaidi, lakini inataka chuma kiwe kimetobolewa kutoka ndani hadi nje; kutu ya juu juu haihesabiwi. Siku zinahesabiwa tangu motokari ilipotolewa mara ya kwanza, hata kama wewe uliipata baadaye.

Piga picha: moja ya motokari nzima, nyingine za karibu, ukiweka kipande cha feza kando ya alama ili ukubwa wake uonekane. Andika tarehe na kilomita. Usivute ile rangi, na usiiruhusu mashini ya maji ya nguvu ipite hapo. Kusanya fakture zote za matengenezo. Kisha nenda kwa mwuzaji aliye na haki ya alama ile, si kwa garaji ya mtaani, na udai kwamba malalamiko yako yaandikwe. Neno la mdomo kwa kijana wa mapokezi halina uzito. Omba kopi yenye tarehe na sahihi. Tarehe hiyo ni mali: garanti ikiisha mwezi unaofuata, wewe ulidai kabla.

Watakupimia unene wa rangi kwa chombo kidogo. Kikionyesha 120 ao 130 kila mahali, motokari haijapakwa tena tangu kiwandani. Kikionyesha 300 kwenye kapo, watasema mtu amekwisha kuigusa, na dai lako linaangukia hapo. Sasa umeelewa kwa nini tulikukataza msasa wa jirani.

Wakikukatalia, andika kwa mwakilishi wa kiwanda, ukiweka namba ya shasi yenye alama 17, picha na ile kopi. Hata garanti ikiwa imepita kidogo, omba walipe sehemu ya gharama. Barua ya adabu yenye ushuhuda inafika mbali kuliko kelele kwenye dirisha la mapokezi.

Wakikubali, uliza swali moja: watapaka juu, ao wataondoa rangi mpaka mahali inaposhika? Kama nguo ya chini imekuwa unga, rangi mpya juu yake itaanguka pamoja nayo. Jibu liandikwe katika karatasi ya kazi. Siku ya kuchukua motokari, itazame juani kabla ya kutia sahihi, si chini ya taa ya garaji.

Na motokari ya okazio? Wengi wetu tunanunua zile zilizotoka Japani ao Ulaya, zikapitia Dar es Salaam na Kasumbalesa. Kwa hizo, garanti ya kiwanda imekwisha, ao haivuki mipaka. Lakini sheria yetu ya mapatano, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inamtaka anayeuza kitu ajibu kwa makosa yaliyofichika ndani yake. Makosa ambayo ungeweza kuyaona kwa macho yako hayamo, na mwuzaji anaweza kujikinga kwa maandishi ikiwa hakujua kosa. Ukigundua kutu iliyofunikwa kwa mastiki na rangi mpya, usikawie hata wiki: mahakama haingojei mnunuzi aliyelala. Tena, soma kabla ya kutia sahihi kwenye karatasi ya ununuzi.

Pistole katika uwanja wa nyumba

Tuseme sasa kwamba njia zote zimefungwa, na unataka kupaka wewe mwenyewe. Jua kwanza unachokishika. Rangi na verni nyingi za motokari leo zinachanganywa kutoka makopo mawili, na katika kopo la kukaushia mna dawa inayoitwa izosianati. Ikipulizwa inakuwa ukungu. Huwezi kuitegemea pua yako ikuonye, maana inaweza kukuumiza kabla hujasikia harufu, na ukungu unabaki hewani hata baada ya pistole kunyamaza. Dawa hiyo inaleta pumu. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa, tone dogo tu linatosha kumfunga kifua, na mara nyingi anapaswa kuacha kazi ya rangi kabisa.

Kitambaa puani hakisaidii neno. Maske ya vumbi ya mgodini pia haisaidii. Wapaka rangi wenye vyombo wanafanya kazi ndani ya chumba kinachovuta hewa, na wanavaa maske inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Kama huna hivyo, kazi ya pistole si yako. Mpe aliye navyo.

Msasa nao una hatari yake. Rangi nyekundu na manjano za zamani zinaweza kuwa na risasi ndani yake. Vumbi lake linakaa katika nguo na udongoni, na mtoto anayetambaa analila pamoja na mikono yake. Anayekwangua akwangue kwa maji, mbali na watoto, na nguo zake zisifuliwe pamoja na za nyumba.

Mama, neno hili ni lako. Moshi wa maji ya kuyeyushia rangi ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, hauonekani, na unaweza kufika kwenye mbabula ya makala uliyowasha hatua nyingi kutoka pale. Siku ya rangi, jikoni pasiwashwe moto upande ule.

Na ukimsikia baba anakohoa usiku baada ya kupuliza rangi, ao anasema kifua kinabana wakati mchana alikuwa mzima, usimpe dawa ya mafua na kungoja. Ugonjwa huu mara nyingi unatokea saa kadhaa baadaye. Mpeleke hopitali, na uchukue lile kopo la kukaushia, likiwa limefungwa vizuri, ili mganga asome jina la dawa iliyomo.