Umaskini wa Lewiston uliwatangulia wakimbizi

Waulize Waafrika wa jimbo la Maine, Marekani, ni wapi nyumba zilikuwa za bei nafuu miaka ya mwanzo ya kuhamia kwao, na wengi watakutajia Lewiston. Mji huu husemwa sana, na kauli moja haikomi: eti wakimbizi ndio walioufukarisha. Tuangalie hesabu.

Sensa ya 1970 ilikuta watu 41,779. Ya 2000 ikakuta 35,690. Katika miaka hiyo viwanda vya nguo na viatu vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, na wajukuu wa Wakanada waliotoka Quebec karne ya 19 kufuata kazi hizo wakaenda kutafuta riziki kwingine. Miongoni mwa waliobaki walikuwamo wazee wengi. Katikati ya mji, kwenye mitaa yenye majina ya miti kama Pine, Birch na Walnut, zikabaki nyumba za mbao za ghorofa tatu au nne, veranda juu ya veranda, vyumba vingi havina mtu.

Vyumba hivyo ndivyo vilivyowavuta wakimbizi wa Kisomali. Mwaka 2001 nyumba zilikuwa adimu Portland, mji mwingine wa Maine, familia zikaanza kuhamia Lewiston, na habari zikawafikia ndugu zao hadi jimbo la Georgia. Oktoba 2002 Meya wa Lewiston, Laurier Raymond, aliwaandikia Wasomali barua ya wazi akiwaomba wapunguze kasi ya kuja. Waliendelea kuja. Baadaye wakafuata Wabantu wa Somalia, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Tanzania na Msumbiji ya leo. Baadhi yao wangali wanazungumza Kizigua, kwa hiyo mtu wa Handeni asishangae akisikia lugha ya kwao kwenye baridi ya Maine. Kisha wakaja Wakongo na Waangola.

Sasa kipato. Sensa ya 2000 iliandika dola 29,191 kwa mwaka kama kipato cha kaya ya katikati, wakati kwa Maine nzima kilikuwa 37,240. Hicho si wastani: unazipanga kaya zote kuanzia fukara hadi tajiri, kisha unaitazama iliyo katikati ya mstari. Asilimia 15.5 ya wakazi walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Angalia mwaka tena. Hesabu hiyo ilifanyika kabla familia za Kisomali hazijaanza kuhamia. Umaskini ulikuwa umeshajaa mjini; uliachwa na viwanda.

Walichobadilisha wageni huenda ni umri. Mwaka 2010 umri wa mtu wa katikati Lewiston ulikuwa miaka 37.4, na Maine 42.7, jimbo lenye wazee wengi kuliko karibu yote Marekani. Idadi ya watu nayo iliacha kushuka: 36,592 mwaka huo, kisha 37,121 mwaka 2020. Ongezeko dogo, lakini kwa mji uliokuwa ukipungua kwa miaka thelathini si haba.

Tahadhari moja kwa anayefikiria kuhamia. Miji yenye watu chini ya 65,000 haimo kwenye makadirio ya kawaida ya mwaka mmoja ya Ofisi ya Sensa. Yale unayoyaona mara nyingi ni ya miaka mitano iliyochanganywa pamoja, hivyo huchelewa kuonyesha kodi za nyumba zilizopanda jana. Tena familia yenye watoto sita hushusha kipato cha kila kichwa hata kama baba na mama wote wana kazi. Wanafunzi wanaolala kwenye mabweni ya chuo cha Bates College mjini humo nao huhesabiwa kama wakazi, lakini hawamo kwenye kipato cha kaya.

Kwa hiyo usiishie kwenye takwimu ya mji mzima. Ofisi ya Sensa huzitoa pia kwa maeneo madogo ndani ya mji. Tafuta ya mtaa unaotaka kukaa, kisha mpigie simu anayeishi hapo umuulize kodi ya mwezi huu.