Kwaya au Kitabu: Lazima Uchague Kimoja?

Labda uko kidato cha tatu au cha nne na unaimba kwaya ya shule. Nyumbani wanakuambia, "Acha hizo kelele, soma!" Wengine wanadai muziki unaongeza akili. Nani mkweli?

Kusikiliza peke yake
Mwaka 1993 watafiti huko California, Marekani, waliwapigia wanafunzi 36 wa chuo muziki wa Mozart kwa dakika 10. Baada ya hapo wanafunzi walifanya vizuri zaidi jaribio la maumbo. Lakini faida yenyewe ilidumu kama robo saa tu! Hata hivyo watu walianza kuuza kaseti za "kuongeza akili" za watoto. Usidanganyike.

Kushiriki
Hapa ndipo penye faida. Mwaka 2014 matokeo ya utafiti mwingine yalitolewa, safari hii kuhusu watoto wa familia maskini wa Los Angeles waliofundishwa muziki. Baada ya miaka miwili, ubongo wao ulitofautisha vizuri zaidi sauti za maneno zinazokaribiana. Mwaka mmoja haukutosha. Kwa hiyo, siri ni kuendelea.

Kwa nini? Fikiria unaimba sauti ya pili. Unakumbuka maneno, unamsikiliza wa besi bila kupotea, unangoja zamu yako. Ukikosea, unarudia. Sikio hilohilo ndilo unalolitumia kumfuata mwalimu darasani penye kelele.

Tusitie chumvi
Muziki hauwezi kukufundisha hesabu. Utafiti wa Toronto, Kanada, mwaka 2004 ulionyesha kwamba waliosoma muziki walipanda kidogo tu katika vipimo vya akili kuliko wenzao. Tafiti nyingine hazikuona hata hilo. Anayeimba bila kusoma atafeli tu.

Sasa ufanye nini?
• Panga ratiba: kwa mfano, kwaya siku mbili kwa wiki, saa moja kila siku. Mwonyeshe mzazi, kisha uifuate kweli.
• Mtihani ukikaribia, punguza mazoezi, si lazima uache.
• Huna gitaa? Sauti, makofi na ngoma vinatosha.
• Ukivaa vipokea sauti, punguza sauti. Masikio yakivuma baadaye, ujue umezidisha.

Haya, kwaya isikupite, na kitabu kisikupite!