Ruzuku ya Mwandishi Mpelelezi: Fedha Zinazotangulia Habari

Katika Kiswahili cha leo, neno «ruzuku» hutaja fedha zitolewazo ili kuisaidia kazi fulani, nazo hazirudishwi kama mkopo. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, ni ndugu wa «riziki». Udugu huo unafaa kukumbukwa kila inapozungumzwa kazi ya mwandishi mpelelezi, kwani yeye huhitaji riziki kabla habari yake haijapatikana.

Kwa kawaida gazeti hulipia habari iliyokwisha kuandikwa. Upelelezi, kinyume chake, huanza na tetesi. Hudai nauli, nyaraka na miezi ya subira, na pengine huishia patupu. Ni nani basi atakayebeba gharama hizo?

Mfano mmoja unatosha. Mwaka 1969, nchini Marekani, mhisani Philip Stern alianzisha mfuko wa kuwasaidia waandishi wapelelezi. Mwaka huohuo Seymour Hersh, ambaye hakuwa ameajiriwa na gazeti lolote, alidokezwa kwamba jeshi lilikuwa likimshtaki ofisa mmoja kwa kuua raia huko Vietnam. Mfuko ukampa kwanza dola 250, kisha dola 2,000. Hersh alisafiri hadi Salt Lake City kuonana na wakili wa mshtakiwa, halafu hadi Fort Benning, alikomkuta Luteni William Calley mwenyewe. Majarida ya Life na Look yaliikataa habari hiyo. Shirika dogo la habari likaisambaza mwezi wa Novemba, na magazeti zaidi ya 30 yakaichapa. Hivyo ndivyo ulimwengu ulivyoyajua mauaji ya My Lai ya tarehe 16 Machi 1968, ambayo kwa hesabu ya Vietnam yaliwaangamiza watu 504. Hersh alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1970. Calley alitiwa hatiani mwaka 1971.

Mfuko ulitoa fedha bila kujua upelelezi ungefikia wapi, wala haukuwa miongoni mwa waliopelelezwa. Hapo ndipo ruzuku inapotengana na kile ambacho waandishi wa Kongo hukiita «coupage», yaani bahasha ambayo mwandishi hupewa na mwenye mkutano au sherehe. Mtoa bahasha ndiye atakayetajwa katika habari, naye anajua tangu mwanzo anachotaka kusomwa. Tofauti, basi, haimo katika wingi wa fedha, bali katika mkono unaozitoa.

Hata hivyo, ruzuku nayo ina hatari yake: mfadhili aweza kuchagua mambo yatakayochunguzwa na yatakayonyamaziwa. Kinga yake ni masharti yaliyoandikwa mapema: mfadhili asiisome makala kabla ya kuchapwa, na jina lake lielezwe waziwazi kwa wasomaji. Pasipo kinga hiyo, ruzuku hugeuka kuwa bahasha nono zaidi. Na pasipo ruzuku, tetesi nyingi hubaki tetesi, na wafu hukosa wa kuwataja.