Jinsi ya Kuhamisha Akiba Isiyotozwa Kodi

Akiba haiozi, lakini mwenye akiba asipofuata kanuni aweza kupoteza faida aliyopewa na sheria. Jambo hili laweza kumpata mtu ye yote akaaye Uingereza, na miongoni mwao wamo watu wengi wa Afrika ya Mashariki waliokwenda huko kufanya kazi.

Katika nchi ile, riba ambayo benki humpa mtu aliyeweka fedha huhesabiwa kuwa mapato, na ikizidi kiasi kilichowekwa hutozwa kodi. Ili kuwatia watu moyo wa kuweka akiba, Serikali ya Uingereza ilianzisha tarehe 6 Aprili, 1999, hesabu ya akiba ya namna ya pekee iitwayo ISA. Riba ya fedha zilizomo haitozwi kodi. Lakini kuna mpaka. Tangu mwaka wa 2017 mtu ameruhusiwa kuweka katika ISA zake zote pauni 20,000, wala si zaidi, kwa mwaka mmoja wa kodi. Mwaka huo huanza tarehe 6 Aprili na kwisha tarehe 5 Aprili ifuatayo.

Sababu ya kuhama

Riba si sawa katika kila benki. Pengine benki hutoa riba nzuri mwaka wa kwanza ili kuwavuta watu, kisha huipunguza. Mwenye akiba akiona kwamba benki nyingine inatoa zaidi, ana haki ya kuhamisha fedha zake, na benki ya zamani haiwezi kumkatalia. Benki mpya, hata hivyo, hailazimiki kupokea akiba iliyotoka kwingine. Kwa hiyo yafaa aulize kwanza.

Kosa la kuepukwa

Kosa kubwa ni kuzitoa fedha mwenyewe na kuzipeleka benki nyingine. Tuseme mtu ameweka kidogo kidogo kwa miaka mingi hata akafikisha pauni 30,000. Akizitoa zote, zimekwisha toka katika ulinzi wa sheria. Akifika benki mpya, atahesabiwa kama mtu anayeanza: ataruhusiwa kuweka pauni 20,000 tu, na nafasi yake ya mwaka ule imekwisha. Pauni 10,000 zilizobaki zitakuwa nje, na riba yake yaweza kutozwa kodi.

Ziko baadhi ya ISA ambazo humruhusu mtu kurudisha alichotoa bila kupunguza nafasi yake, lakini ni lazima akirudishe katika mwaka ule ule wa kodi.

Njia iliyo sawa

1. Mwenye akiba asiguse fedha zake. Aende kwanza kwa benki mpya, afungue ISA, na kuomba fomu ya kuhamisha.

2. Aandike katika fomu jina la benki ya zamani, nambari ya hesabu yake, na kiasi anachotaka kihamishwe, chote au sehemu.

3. Benki mpya itaiandikia benki ya zamani, na fedha zitapita baina ya benki hizo mbili bila kupita mkononi mwake. Kazi hiyo haipasi kuzidi siku 15 za kazi, ikiwa ni akiba ya fedha taslimu kwenda katika akiba ya namna hiyo hiyo.

Fedha zikihamishwa hivyo, akiba ya miaka iliyopita haipunguzi nafasi ya mwaka huu. Lakini kama fedha zilifungwa kwa muda maalum, benki ya zamani yaweza kukata sehemu ya riba. Mtu apige hesabu kwanza aone kama faida inazidi hasara.

Sababu ya kujihadhari imezidi sasa. Mnamo Novemba, 2025, Serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa kuanzia tarehe 6 Aprili, 2027, mtu aliye chini ya umri wa miaka 65 ataweza kuweka fedha taslimu pauni 12,000 tu kwa mwaka. Atakayetoa akiba yake kwa kosa atachukua miaka mingi zaidi kuirudisha.

Mwenye ISA akirudi kwao kukaa, hawezi kuongeza fedha mpya. Hata hivyo aweza kuiacha akiba yake humo, na kuihamisha toka benki moja hata nyingine kwa njia iliyoelezwa hapa.